Maswali ya Makazi: Kiwanja cha Mbali au Chumba cha Karibu?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: kubaki karibu na katikati ya Dar es Salaam na kulipa kodi kubwa, au kwenda kujenga Chanika, Bunju, Chamazi, Kigamboni ya ndani au Kibaha. Tumechagua saba. Bei na nauli tulizoweka ni za mfano wa kupigia hesabu tu. Weka za kwako, kisha urudie hesabu ileile.

SWALI: Shikamooni. Nimepanga Sinza na mke wangu na watoto wawili, vyumba viwili na sebule, Sh 350,000 kwa mwezi. Nafanya kazi Posta, mke wangu anashona nguo Mwenge. Tumekusanya Sh 12,000,000, na dalali ametuonyesha kiwanja cha mita 20 kwa 20 huko Chanika kwa bei hiyo. Tunataka tujenge chumba na sebule uani, tuhamie mwakani, nyumba kubwa ije taratibu. Je, tunafanya vyema?
*Baba wa wawili, Sinza*

JIBU: Marahaba. Kununua kiwanja ni jambo jema. Kuhamia mwakani ndiko kunakotutia wasiwasi, na sababu yake ni hesabu.

Chukulia kutoka kiwanjani hadi stendi ni bodaboda Sh 1,500, kisha daladala mbili, moja Sh 1,000 na nyingine Sh 700. Kwenda ni Sh 3,200, kwenda na kurudi Sh 6,400. Kwa siku 26 za kazi ni Sh 166,400, na mkiwa wawili ni Sh 332,800. Leo mkiwa Sinza, kwa nauli ya Sh 700 kila safari, mnatumia Sh 72,800. Tofauti ni Sh 260,000. Kwa hiyo katika ile kodi ya Sh 350,000 mtakayookoa, Sh 260,000 inaishia barabarani.

Njoo kwenye maji. Watu wanne wakitumia lita 60 kila mmoja kwa siku, mwezi unataka lita 7,200, sawa na madumu 360 ya lita 20. Pale ambapo bomba halijafika, dumu likiletwa kwa Sh 200 ni Sh 72,000 kwa mwezi. Bili ya bomba kwa maji yaleyale haifiki robo ya hiyo. Hata ukitoa bili mtakayoacha kulipa Sinza, sasa zimebaki kama Sh 30,000, na hatujagusa gari la shule wala siku mvua inaponyesha na bodaboda anapandisha bei.

Saa nazo zihesabiwe. Chanika iko zaidi ya kilomita 30 kutoka Posta. Ukipoteza saa mbili na nusu zaidi kwa siku kuliko unavyopoteza sasa, mwezi unakula saa 65 kwa kila mmoja wenu. Kwa mkeo hizo ni nguo ambazo hazikushonwa, yaani ni fedha.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Msikimbilie kuhama. Nunueni, jengeni kidogokidogo, mhame pale angalau mmoja wenu atakapokuwa na kazi upande huohuo. Mkeo anaweza kuwa wa kwanza, kwa sababu cherehani inahamishika na wateja wa Chanika nao wanavaa. Halafu, kabla ya kulipa hizo milioni 12, angalieni umbali wa kiwanja kutoka stendi kuliko ukubwa wake. Kiwanja kilicho ndani ya kilomita moja kutoka stendi, mwendo wa miguu wa dakika kumi na tano hivi, kinawaondolea bodaboda. Hata bodaboda ikiwa Sh 1,000 tu kwa safari, watu wawili, kwenda na kurudi, siku 26, ni Sh 104,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh 1,248,000. Kwa miaka 10 ni Sh 12,480,000, zaidi ya bei yote ya kiwanja chenu. Ndiyo maana kiwanja cha mita 15 kwa 20 karibu na kituo, hata kikiuzwa bei ya juu, mara nyingi ni rahisi kuliko cha 20 kwa 20 kilichojificha kilomita tatu ndani.

Mkikiacha wazi mkisubiri, kiwekeeni alama: nguzo za zege kwenye pembe, minyaa kwenye mipaka, na jirani anayejua namba yenu ya simu. Bikoni, yaani alama za mpimaji kwenye pembe za kiwanja, hung'olewa, na kiwanja kisichoonekana kina mwenyewe huuzwa mara ya pili.

SWALI: Ninyi wataalamu mnatusema kila siku kwamba tunatanua mji. Wazungu huko Marekani wanaishi pembezoni kwenye nyumba zenye bustani na hakuna anayewakataza. Kwa nini sisi tubanwe kwenye maghorofa? Mtoto anahitaji uwanja wa kucheza.
*Kijana wa Mbezi*

JIBU: Hatukulaumu wewe uliyejenga mbali. Sensa ya 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.49 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu hao walilazimika kulala mahali. Ramani kuu ya mji iliyotengenezwa mwaka 1979 ndiyo iliyobaki ya mwisho kwa zaidi ya miaka 30, viwanja vilivyopimwa vikawa vichache kuliko wahitaji, na mwenye mshahara mdogo akanunua kwa mkulima wa mihogo kipande alichokiweza. Alifanya alichopaswa kufanya kwa familia yake.

Hoja yetu iko kwenye gharama ya kukuhudumia huko uliko, na nani anailipa. Chukua bomba la maji linalopita barabarani. Kiwanja chenye upana wa mita 20 upande wa barabara kinahitaji mita 10 za bomba, kwa kuwa mnagawana na wa ng'ambo. Chenye upana wa mita 40 kinahitaji mita 20. Jengo la familia 24 kwenye kiwanja cha upana wa mita 25 linahitaji mita 12.5, yaani kama nusu mita tu kwa kila familia. Nguzo za umeme, lami, mtaro na taa za barabarani ni hivyohivyo. Kisha ongeza viwanja vilivyonunuliwa na kuachwa pori: nusu ya viwanja vya mtaa vikiwa havina nyumba, gharama kwa kila aliyejenga inakuwa mara mbili. Hayo yalionekana kwenye mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, uliopima maeneo kama Kibada, Tuangoma, Buyuni, Mbweni, Bunju na Mivumoni. Upimaji ulikuwa mzuri. Lakini wenye fedha waliwahi, vingi vikakaa miaka bila nyumba, na huduma zikachelewa kuwafikia waliojenga.

Habari ya Marekani ni kweli, ila tazama ilivyojengwa. Tangu 1934 serikali yao ilidhamini mikopo ya nyumba ya muda mrefu na riba nafuu, mwaka 1956 ikapitisha sheria ya kujenga barabara kuu za kitaifa kwa fedha ya serikali kuu, na kaya nyingi zikawa na gari. Sisi tumechukua umbo la mji ule bila mkopo, bila barabara na bila gari. Mtu wa Mbezi ya ndani anaishi kama wa pembezoni mwa Houston, lakini anasafiri kwa miguu, bodaboda na daladala.

Na daladala haliendi pasipo na abiria. Kipande cha barabara cha kilomita moja, ukihesabu nusu kilomita kila upande kwa watakaotembea hadi kituoni, ni hekta 100. Nyumba zikiwa 25 kwa hekta, kila moja ina watu wanne, hapo kuna watu 10,000 na gari litajaa kila baada ya dakika chache. Nyumba zikiwa sita kwa hekta ni watu 2,400, na dereva atakaa stendi anaita abiria mpaka uchelewe kazini. Ndiyo sababu mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016 kwenye njia ya Kimara hadi Kivukoni, ambako watu tayari walikuwa wengi kandokando ya barabara ya Morogoro.

Kuishi kwa ukaribu si lazima kuwe ghorofa kumi. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye korido katikati, uani nyuma na baraza mbele, imelaza familia nyingi Kariakoo, Ilala na Magomeni tangu zamani, tena ya chini. Nyumba za ghorofa tatu au nne, zisizohitaji lifti, zinaweza kuweka watu wengi na bado zikaacha uwanja. Kuhusu mtoto wako, uko sahihi kabisa, na hapo mji wetu umekosea: maeneo ya wazi yameuzwa na kujengwa. Lakini huko pembezoni pasipopimwa uwanja haupo pia. Vipo viwanja vitupu vya watu, na siku wenyewe wakijenga, watoto watachezea barabarani.

SWALI: Dalali ananiuzia kiwanja Kigamboni, anasema "kimepimwa, hati iko njiani." Nimeonyeshwa karatasi ya serikali ya mtaa yenye muhuri. Nihakikishe vipi?
*Muuguzi, Temeke*

JIBU: Dada, karatasi ya serikali ya mtaa inathibitisha kwamba mlifika pale mkasaini mbele ya watu. Haithibitishi umiliki. Fuata hatua hizi kabla hujatoa hata "kishika uchumba".

Kwanza, omba namba ya kiwanja na ya kitalu, pamoja na namba ya ramani ya upimaji. Dalali akikosa vitu hivyo, kiwanja hakijapimwa, hata kama kuna vigingi ardhini. Nenda na namba hizo ofisi ya ardhi ya manispaa ukaombe kuona mchoro wa mipangomiji. Usitazame mipaka tu, tazama *matumizi* yaliyoandikwa: makazi, makazi na biashara, shule, eneo la wazi, njia ya maji. Watu wengi wamenunua kiwanja chenye vipimo sahihi kabisa kumbe kilitengwa kwa zahanati.

Pili, kama kuna hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Unajaza fomu, unalipia, unapewa majibu ya maandishi: jina la mmiliki, kama kuna mkopo wa benki juu yake, kama kuna zuio la mahakama. Fanya wewe mwenyewe au wakili wako. Majibu yaliyoletwa na dalali hayana kazi.

Tatu, lipa mpimaji aliyesajiliwa aende na kifaa chake kutafuta bikoni. Zinatakiwa zikutwe zote, na namba zilizochorwa juu yake zilingane na zilizo kwenye ramani. Bikoni iliyotikisika au yenye saruji mpya kwenye mtaa wa zamani ni dalili mbaya. Hapa ndipo watu wanapobania fedha, na hapa ndipo wanapolia.

Nne, pima umbali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na ufukwe wa bahari. Barabara kuu, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, lakini zipo zenye zaidi: barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha ilihesabiwa kuwa na hifadhi ya mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya eneo hilo zilibomolewa, nyingine zimekaliwa miaka mingi. Bonde usiliamini wakati wa kiangazi. Wenyeji wa hapo wanajua maji ya masika hufika wapi, waulize na utazame alama za tope kwenye kuta. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao na shule za watoto wao.

Tano, kama muuzaji ana mwenza, ridhaa ya mwenza huyo iwe ya maandishi. Kiwanja kilichopatikana ndani ya ndoa na kuuzwa na mume peke yake ni kesi inayosubiri siku. Mkataba uandikwe na wakili, malipo yapite benki, na andikeni wazi nani analipa nini: kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, ushuru wa stempu kwa kawaida ni wa mnunuzi. Mwenyekiti wa mtaa akidai asilimia 10 ya bei, mwombe risiti ya serikali na akuonyeshe kifungu cha sheria.

SWALI: Tuko marafiki wanne, tunataka ekari moja Kerege tugawane. Tutapata viwanja vingapi?
*Wanne wa Tegeta*

JIBU: Ekari moja ni mita za mraba 4,047, ambazo kwa hesabu ya haraka ni viwanja kumi vya mita 20 kwa 20. Msihesabu kumi. Barabara na njia zitachukua robo au zaidi, hivyo mtabaki na saba, pengine sita. Pimisheni kwanza, mchoro uidhinishwe, ndipo mgawane. Mkigawana kwa kamba na vijiti, wa nyuma atakosa njia, na barabara ya mita tatu mtakayoachiana leo haitapitisha gari la zimamoto wala gari la kunyonya choo kesho.

SWALI: Tumehamia Madale mwaka wa tatu huu. Kila masika choo kinajaa na kurudisha maji bafuni, na sasa maji ya kisima chetu yameanza kunuka. Fundi anasema tuchimbe shimo lingine. Kiwanja ni 20 kwa 20.
*Mama wa watoto wanne, Madale*

JIBU: Mama, acha kutumia maji ya kisima hicho kwa kunywa na kupikia kuanzia leo, hata yakichujwa, mpaka yapimwe maabara. Maji ya kisima kilichoingiwa na choo hayaponi kwa dawa mara moja. Utaua vijidudu vya leo, na kesho vitaingia vingine.

Tatizo ni la vipimo. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi ni kwamba kisima kiwe angalau mita 30 kutoka shimo la kunyonya majitaka. Kiwanja cha 20 kwa 20, kutoka pembe hadi pembe, kina mita 28.3. Maana yake huwezi kuweka vyote viwili salama ndani ya kiwanja hicho, hata ukiweka kimoja pembe hii na kingine pembe ile, na hapo hatujahesabu choo cha jirani kilichoegemea ukuta wako. Mtaa mzima wa viwanja vya ukubwa huo ukichimba visima na mashimo, kila mtu anakunywa ya mwenzake. Nyumba zikisogeleana kiasi hicho zinahitaji bomba la majisafi au la majitaka, moja kati ya hayo mawili lazima lije kutoka nje ya kiwanja.

Sasa choo. Inaelekea fundi alichimba shimo moja tu, kinyesi na maji vyote vinaingia humo. Kinyesi huziba vinyweleo vya udongo, na masika maji ya ardhini yakipanda shimo halina pa kumwaga. Shimo la pili la aina hiyohiyo litaziba vilevile. Unahitaji vitu viwili vilivyotengana: tangi la septiki lisilovuja, la kutuamishia kinyesi, na baada yake sehemu ya kunyonya maji.

Kwa watu sita, tangi lenye urefu wa ndani mita 2.4, upana mita 1.2 na kina cha maji mita 1.5 linabeba kama lita 4,300, linatosha. Ligawe kwa ukuta, chumba cha kwanza kichukue theluthi mbili. Bomba la kuingilia na la kutokea yote yawe na umbo la T, mguu wa chini uzame sentimita 30 hadi 40 ndani ya maji ili povu na mafuta visipite. Bomba la kutokea liwe chini ya la kuingilia kwa sentimita 5. Mafundi wengi hubana hizo T mbili kwa kuokoa shilingi elfu chache, na bila hizo tangi halitofautiani na shimo. Piga plasta ndani, weka mifuniko miwili ya kufungulia, na bomba la hewa. Linyonywe kila baada ya miaka miwili au mitatu kabla halijajaa.

Kabla ya kujenga sehemu ya kunyonya, jaribu udongo. Chimba kitundu cha sentimita 30 kwa 30 chini kabisa pale shimo litakapoishia, kijaze maji, kiache kilale usiku. Kesho yake mimina maji yafike kimo cha sentimita 30 na upime. Yakishuka sentimita 2.5 ndani ya nusu saa, udongo unanyonya. Yakichukua zaidi ya saa nzima, usitegemee shimo. Na Aprili, chimba mita 1.5: ukikuta maji, shimo refu halifai kabisa. Hapo tumia mifereji isiyoenda chini sana, upana sentimita 60 na kina sentimita 60, yenye kokoto na bomba lililotobolewa, juu yake udongo na nyasi, usipande miti.

Kwa maji, tumia paa lako. Dar hupata kama milimita 1,000 au zaidi za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100, ukitoa yanayopotea, linakupa kama lita 80,000. Shida ni mahali pa kuyaweka: simtanki la lita 5,000 kwa familia yenu haliwezi kumaliza hata wiki tatu. Weka mawili, tengeneza bomba la kumwaga lita 100 za kwanza za kila mvua kwa kuwa hizo zinaosha vumbi na mavi ya ndege, na maji ya kunywa yachemshwe.

SWALI: Baba ametuachia nyumba ya vyumba sita Magomeni. Tuko warithi wanne. Kaka zangu wanataka tuuze tununue viwanja Chamazi. Yuko mtu anayetaka kujenga ghorofa, atupe fleti tatu. Mimi ningependa tubaki.
*Binti wa marehemu, Magomeni*

JIBU: Pole kwa msiba, dada. Usikubali haraka lolote kati ya hayo, kwani ardhi ya Magomeni ikishauzwa hamtaipata tena kwa bei mnayoiweza.

Kwanza, mirathi. Bila msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, hakuna mwenye mamlaka ya kuuza wala kusaini ubia. Baada ya hapo, mtafute mthamini aliyesajiliwa awape thamani ya kiwanja kwa maandishi. Bei ya dalali ni bei ya dalali.

Kuhusu huyo mjenzi, "fleti tatu" si ahadi yenye maana. Mkataba useme mita za mraba za kila fleti, ziko ghorofa ya ngapi, fremu za chini ni za nani, kodi ya mahali mtakapoishi wakati wa ujenzi inalipwa na nani, na akichelewa mwezi mmoja analipa nini. Hati ibaki kwenye jina lenu mpaka jengo likamilike, na msikubali iwekwe rehani benki bila warithi wote kusaini. Jengo likiisha, kila fleti iandikishwe peke yake chini ya sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, ili kila mmoja wenu awe na hati yake.

Jambo moja msilegeze: nyumba ya zamani haiongezewi ghorofa juu. Kuta zile za tofali na msingi wake vilibeba bati tu. Ichunguzwe ardhi, mhandisi aliyesajiliwa achore nguzo, kibali cha manispaa kipatikane, na mkandarasi awe amesajiliwa. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi watu wakiwa ndani, wengi wakafa.

Kuna njia ya tatu. Nyumba mbili au tatu za jirani zikiungana, kiwanja kinakuwa kikubwa na jengo linakaa vizuri zaidi, lenye uwanja na maegesho. Magomeni Kota, ambako kaya 644 za zamani zilijengewa fleti zilizozinduliwa mwaka 2022, imeonyesha kwamba wenyeji wanaweza kurudi palepale walipotoka. Ile ilikuwa kazi ya serikali, lakini familia zenye hati zinaweza kukaa meza moja. Mkishindwa yote, pangisheni: vyumba vitano kwa Sh 80,000 ni Sh 400,000 kwa mwezi, na mnabaki na ardhi.

SWALI: Nimenunua fleti ghorofa ya nne, jengo la ghorofa nne. Bomba la mvua la bafuni linatiririka kama machozi. Fundi anasema nibadilishe bomba.
*Mkazi mpya, Upanga*

JIBU: Usibadilishe bomba. Bila shaka maji yanatoka kwenye matangi ya juu ya paa, na wewe uko chini yake tu. Kila mita 10 za kimo zinatoa presha ya bar 1. Tangi likiwa mita 2 juu ya bomba lako la kuogea, una bar 0.2, wakati wa ghorofa ya kwanza ana zaidi ya bar 1. Mkubaliane na wenzako tangi linyanyuliwe kwenye stendi ya chuma ya mita 3, baada ya mhandisi kuangalia kama paa linabeba (lita 5,000 ni tani tano). Au ufunge pampu ndogo ya presha kwenye bomba linaloingia kwako, yenye swichi ya kujiwasha na valvu ya kuzuia maji kurudi. Pampu ifungwe kwenye laini inayotoka kwenye tangi tu. Ukiifunga kwenye bomba la mtaani utavuta uchafu kwa kila mpasuko, na utawanyima majirani maji.